Ubao Mkubwa Haujageuzwa

Jéthro alifika nyumbani kwa Kitsa asubuhi ya Jumamosi, akiwa na ordinateur, kompyuta yake, ndani ya mkoba, maikrofoni mbili na waya mrefu, na jambo la kwanza aliloliomba ni kwamba kuku wafungiwe. Studio yake ilikuwa katikati ya Butembo, juu ya duka la vipuri vya pikipiki, na vijana wa kwaya pamoja na wale wa nyimbo za mapenzi walipanda ngazi zake kila siku. Kitsa alimpokea kama mgeni wa heshima. Katungu, mkewe, alikuwa amekwisha kukata migomba miwili mibichi na kuilaza uani sambamba, na juu yake mbao za endara, marimba ya Wanande, zilipangwa kwa utaratibu, kuanzia ile ndogo isiyozidi urefu wa mkono hadi ile kubwa ambayo mlio wake husikika kifuani kabla ya kusikika masikioni.

Ile kubwa ilikuwa imelazwa chali. Hiyo ndiyo desturi ya nyumba ya Kitsa, aliyoipokea kwa baba yake. Kabla ya kupiga, mbao hujaribiwa moja moja ili kuona kama migomba imekaa sawa na kama ubaridi haujaziharibu. Wakati wote huo ubao mkubwa hubaki chali, tumbo lake lililochongwa likitazama juu, na ukigongwa hutoa mlio butu kama gunia la maharagwe lililoangushwa sakafuni. Hugeuzwa pale tu wimbo unapoanza. Kama kuna bibi harusi, hukaa kitini mpaka ubao ule ugeuzwe, ndipo husimama.

"Papa, tuanze na ile ndogo," alisema Jéthro, akivaa spika za masikioni. "Gonga mara moja tu. Kisha bote munyamaze mpaka sauti ikufe yenyewe."

Kitsa aligonga. Wakanyamaza.

"Sasa pole pole... Sasa kawaida... Sasa kwa nguvu. Voilà. Ile ingine."

Walizipitia mbao zote kwa namna hiyo, pole pole, kawaida, kwa nguvu, na kila mara uani palikuwa kimya kama kanisani wakati wa kugeuza mkate. Syauswa, mdogo wake Kitsa, alimnong'oneza kaka yake, "Huyu kijana iko na heshima. Anajaribu mbao kushinda hata baba yetu." Walipofika kwenye ubao mkubwa, Kitsa aliugonga kama ulivyolala. Hakuna aliyefikiri kuugeuza, maana wimbo ulikuwa bado.

Kisha Jéthro akaanza kukunja waya.

"Bon, sasa tupige?" Kitsa aliuliza, na wapigaji wote watano wakashika miti yao.

"Mupige nini?"

"Wimbo, mwanangu. Mbao ziko sawa."

"Hapana, papa. Inatosha. Ile nilikuwa natafuta, nimepata."

Alituma mtoto dukani alete sucré, yaani soda, kila mpigaji chupa yake. Katungu, ambaye alikuwa amesimama kando tangu asubuhi, alifuta mikono kwenye kitenge na kuuliza kwa adabu malipo yatakuwa lini.

"Malipo ya nini, mama?" Jéthro alicheka, bila ubaya wowote usoni. "Mulipiga wimbo gani?"

Wote walicheka naye, kwa kuwa mgeni akicheka si vizuri kumwacha peke yake. Alipoondoka walikaa wakinywa sucré na kutafuta kosa lao. Syauswa alidhani labda kijana hakupendezwa na sauti, akaona haya kusema. Katungu aliilaumu migomba: angekata ile ya bondeni, yenye maji zaidi. Hawakujua kwamba kazi ilikwisha kufanyika mbele ya macho yao, na kwamba kile walichokidhania kuwa maandalizi ndicho kilichobebwa ndani ya mkoba.

*

Msimu wa harusi ulipofika, hakuna aliyekuja kumwita Kitsa. Mwanzoni alisema ni kwa sababu ya vita, watu wa Lubero wamekimbia makwao na hawana moyo wa sherehe. Lakini harusi zilifanyika. Jumamosi baada ya Jumamosi magari yenye maua yalipita barabarani yakipiga honi, na mbao zilibaki zimefungwa kwa kamba ukutani, nyuma ya majembe.

Ndipo zamu ya nyumba yake mwenyewe ikafika. Kavuo, binti yake, mwalimu wa chekechea, aliposwa na Luc, kijana wa Mulekera huko Beni. Aliyekuja kupanga sherehe ni Lusenge, baba mdogo wa Luc, mfanyabiashara wa kakao, mtu mnene wa sauti na mkarimu wa ahadi. Walipofika kwenye suala la muziki, Kitsa alijiweka sawa kitini.

"Mutoto wangu atatoka na endara," alisema. "Ile haina mazungumuzo."

"Papa Kitsa, batu ba Butembo munapenda kujisumbua!" Lusenge alimpiga begani. "Mbao, migomba, wazee batano mu gari... Ya nini? Endara tuko nayo. Iko mu machine. Kuna kijana wa studio wa hapa kwenu, ndiye anapiga mu mariage yote ya Beni. Mutu moja, vidole viwili, na salle inajaa. Sikiliza."

Alitoa simu, akaiweka juu ya meza kati ya sahani za wali. Simu ikatoa ngoma za kompyuta, na juu ya ngoma, endara.

Syauswa aliacha kutafuna. Katungu alisimama mlangoni na sufuria mikononi. Mtu anayejua sauti ya mlango wa nyumba yake haulizi ni mlango gani uliofunguliwa. Nao walizijua mbao zile moja moja, ile yenye ufa mdogo pembeni, ile iliyochongwa upya baada ya mchwa. Kavuo ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, kama mtu anayemwonyesha mwenzake doa kwenye shati.

"Baba. Ubao mukubwa umelala."

Ulikuwa umelala kweli. Kila wimbo uliposhuka chini, pale ambapo kifua kinapaswa kujibu, lilianguka gunia la maharagwe.

"Unasikia?" Lusenge aliuliza, akitabasamu. "Na haina kuchoka, haina kuomba chakula."

*

Kitsa na Katungu walikwenda studio Jumatatu, wamevaa nguo za Jumapili. Waliambiwa wakae kwenye benchi la ngazini. Wakakaa. Vijana wa kwaya walipanda wakawapita, wakashuka wakawapita; wengine waliwasalimu, wengine walidhani ni wazazi wa mlinzi. Walipoitwa hatimaye, Jéthro alikuwa mbele ya ordinateur na clavier, kinanda kidogo kisichozidi upana wa sinia. Aliondoa spika ya sikio moja tu.

"Karibuni. Niko na kazi mingi, museme upesi."

Hapakuwa na kiti cha pili, kwa hiyo walisema wakiwa wamesimama.

Jéthro hakukana. Hilo ndilo lililomshangaza Kitsa kuliko yote, kwamba hakuona cha kukana. Alibonyeza kitufe, na ubao mdogo ukalia. Alibonyeza kwa nguvu, ukalia kwa nguvu. Akaeleza, kama anayewafundisha watoto, kwamba programu ile inaitwa sampleur: unaipa sauti moja moja, inaziweka kila moja kwenye kitufe chake, kisha mtu yeyote, awe Goma au Kampala, anaweza kupiga endara bila kuwa na ubao hata mmoja.

"Na yule mutu wa Kampala anakulipa?" Katungu aliuliza.

"Analipia kazi yangu, mama. Micro yangu, courant yangu ya umeme, masaa yangu. Sauti ya ubao haina mwenyewe. Nikigonga mulango na nikarekodi, mulango itakuja kunidai?"

"Mulango iko na fundi. Na fundi alilipwa."

Jéthro alitabasamu, akamgeukia Kitsa kama mtu anayetafuta mwanamume wa kuzungumza naye. "Papa, wimbo njo iko na mwenyewe. Ile naheshimu, hata mbele ya sheria. Lakini siku ile, kweli ya Mungu, mulipiga wimbo gani?"

Mzee yule mpole, aliyewahi kusubiri misimu miwili ya mvua bila kulalamika, aliona damu ikimpanda. "Hatukupiga! Tulikuwa tunajaribu! Ulichukua endara yenye haijafunguliwa! Ile kubwa ilikuwa chali, tumbo juu! Hata mutoto wa kwetu akisikia atakucheka. Unauzisha kintu chenye hakijaamuka!"

Jéthro aliondoa spika ya sikio la pili.

"Chali namna gani, papa?"

"Chali! Haijageuzwa!" Kitsa alionyesha kwa viganja vyake. "Ikiwa hivi inakufa. Ikiwa hivi inasema."

"Ngoja." Kijana aliinuka, akaingia chumba cha pili, akarudi na kiti. "Ikaa, papa. Nielezee vizuri."

Na Kitsa akakaa. Kwa kuwa alikuwa amesimama muda mrefu, na kwa kuwa hatimaye mtu alikuwa akimsikiliza, alieleza yote: desturi ya baba yake, bibi harusi anavyosubiri, jinsi ubao unavyogeuzwa. Jéthro alibonyeza kitufe cha mwisho kushoto, gunia likaanguka. Akatikisa kichwa polepole. "Njo ile. Client wa Kampala ananisumbua miezi yote, anasema besi imekufa, nikafikiri ni micro." Akamshika mzee mkono. "Papa, wasingya, aksanti. Nitapita kwenu. Mara moja tu, ile kubwa peke yake. Dakika moja."

Barabarani, walipopita soko, Katungu alimgeukia mumewe.

"Umemupatia siri," alisema.

"Nilimutukana!"

"Ulimutukana muzuri sana. Na kiti akakupatia."

*

Jéthro alipita kweli, na Kitsa akamwambia kwamba hagongi tena kabla ya kulipwa kazi ya kwanza. Kijana akajibu kwamba kazi ya kwanza haikuwa kazi. Akaondoka bila hasira, na siku chache baadaye ukafika ujumbe kutoka Beni: Lusenge amebadili mawazo, mbao ziletwe kwenye harusi, pamoja na wazee na mavazi yao. Syauswa alishangilia. Ujumbe ulikuwa na mkia, ambao Kavuo aliusoma kwa sauti iliyopungua kadiri alivyosoma. Wazee watasimama nyuma ya mbao kwa ajili ya picha. Mashine ndiyo itakayopiga.

"Tutakuwa maua ya plastiki," alisema Katungu.

"Nisiende mariage ya mutoto wangu?" Kitsa aliuliza, na Syauswa akaanza kuzifungua kamba za mbao ukutani.

Walisafiri asubuhi, mbao juu ya gari chini ya turubai, na kwenye kila kizuizi wanajeshi walilifunua turubai na kuuliza ni kuni za nani. Misa ilisomwa vizuri, na Luc alitokwa na jasho kama inavyompasa bwana harusi. Lakini walipoingia kwenye salle, ukumbi wa sherehe wa Mulekera, Katungu alisimama ghafla. Mbao za endara zilikuwa zimepangwa juu ya makasha ya bia, na miti ya kupigia ilikuwa imevishwa vitambaa kichwani.

"Ni kusudi isitoe makelele," alieleza Jéthro, ambaye alikuwa akifunga nyaya za bafle zake, spika kubwa za ukumbini. Alikuwa amevaa suti. Maikrofoni moja ilisimama karibu sana na ubao mkubwa, karibu kuliko picha yoyote inavyohitaji.

Katungu alimpa kisogo. Alitoka kupitia mlango wa nyuma, mahali ambapo mashamba madogo ya mtaa yanaanza, na wageni wachache walimwona mama wa bibi harusi, katika vitenge vyake vipya, akizungumza na mwanamke aliyekuwa akipalilia migomba.

Chakula kilipoliwa, mshereheshaji akatangaza kwamba wakati umefika wa bibi harusi kusimama na kuwapa mkono wakwe zake. Jéthro akainamisha vidole. Bafle zikatetemeka, endara ya mashine ikajaza salle, na nyuma ya mbao wazee watano wakainua na kushusha miti yenye vitambaa, bila sauti, kama watu wanaoota. Wageni walipiga makofi. Simu ziliinuliwa. Kitsa alitazama mbele, asimwone mtu.

Kavuo hakusimama.

Mshereheshaji alitania kwamba bibi harusi ameshiba. Wageni wakacheka. Akamwita tena, kwa jina la ukoo. Muziki ukazunguka, ukarudi mwanzo, ukazunguka. Mama mkwe akainama kumnong'oneza, kisha Luc, kisha Lusenge mwenyewe akavuka salle na jasho lake.

"Mukamwana, batu banatazama."

"Batazame, papa. Ubao haijageuzwa."

"Ubao gani? Muziki si ile inalia?"

"Ile inalia haijageuzwa. Kwetu, mwanamuke hasimame kabla ya ubao kugeuzwa. Nikisimama sasa, nimetoka kwetu kabla ya kuruhusiwa."

Hakuinua sauti. Lakini waliokaa karibu walisikia, wakawaambia waliokaa mbali, na mabibi wa Mulekera wakaanza kusema kwamba mtoto ana haki. Lusenge alimwendea Kitsa.

"Mwambie mutoto wako asimame!"

"Si mimi nilimwambia akae," Kitsa alijibu.

Ndipo Jéthro akaona mlango wake. Alizima mashine na kuja mbele kwa hatua za kikuhani. "Papa Lusenge, tusigombane. Muzee ageuze ule ubao. Augonge mara moja, mara moja tu, peke yake. Bote tunyamaze kwa heshima. Mutoto atasimama, tutaendelea." Akaivuta maikrofoni inchi moja zaidi, akavaa spika zake. "Banyamaze, tafazali! Hata batoto!"

Salle nzima ikanyamaza. Ukimya ule mkubwa, wa watu wote wa koo mbili, ndio kijana yule alioutafuta tangu siku alipopewa siri, na sasa alikuwa ameupata bure, umefungwa kwa utepe wa harusi.

Katungu aliingia kwa mlango wa nyuma. Begani alikuwa na mgomba mbichi uliokatwa vipande viwili, na maji yake yalimchuruzika kwenye kitenge kipya. Hakumwomba mtu msaada, lakini wanaume wawili wa upande wa Luc wakainuka wenyewe, wakainua mbao, yeye akayasukuma makasha ya bia kwa mguu. Walipomaliza kupanga, Kitsa alivua kitambaa kwenye mti wake, akakikunja vizuri, akakiweka mfukoni. Wenzake wakafanya vivyo hivyo. Kisha akaushika ubao mkubwa kwa mikono miwili na kuugeuza.

Aliinua mti. Jéthro alifumba macho ili asikie vizuri.

Kitsa alimtazama Syauswa, na wote watano wakashuka pamoja.

Endara ya nyumba ile haipigwi na mtu mmoja. Kila mpigaji huujaza mwanya anaouacha mwenzake, na ubao mkubwa hausemi ila ndogo zikiwa juu yake, zikipita na kurudi, na kabla mlio mmoja haujafa mwingine umekwisha kukaa mahali pake. Mlio wa chini uliwaingia watu vifuani. Bibi mmoja aliitikia kwa Kinande, na mwingine, na sauti zao zikaingia katikati ya mbao. Kavuo akasimama. Alisimama polepole, kwa unyoofu wote aliofundishwa, akawapa mkono wakwe zake mmoja baada ya mwingine huku akilia na kucheka.

Jéthro alifungua macho. Alizungusha kitufe hiki, akazungusha kile. Aliisogeza maikrofoni hadi ikakaribia kugusa mti wa mzee, akatafuta mahali pamoja, pumzi moja, ambapo ubao mkubwa umesimama peke yake. Wapigaji hawakumpa. Walipiga kwa muda mrefu kuliko harusi yoyote waliyowahi kupiga, na walipomaliza, vigelegele vilifunika hata mwangwi wa mwisho.

"Papa Kitsa," aliita. "Muzuri sana. Sasa ile kubwa, mara moja tu, peke yake."

Kitsa alikuwa akihema. "Siku ile uliniuliza tulipiga wimbo gani," alisema, kwa upole wake wa zamani. "Wimbo njo ule."

Akaushika ubao mkubwa, akaulaza chali.

Lusenge, aliyetaka amani irudi haraka, aliagiza wazee waletewe sucré. Katungu alizipokea chupa zote kwenye sinia, akavuka nazo salle, akazipanga moja moja mbele ya clavier ya Jéthro, zikiwa hazijafunguliwa.

*

Hakuna aliyemshitaki Jéthro, kwa kuwa hapakuwa na ofisi iliyojua ni kosa gani liandikwe. Harusi nyingine za Beni zilifuata, na vidole vyake viwili vikaendelea kujaza salle. Tangazo la sabuni lilianza kupita kwenye redio, na ndani yake mbao za Kitsa zililia asubuhi, mchana na jioni, bila jina lake.

Juma la pili la tangazo hilo Kavuo alimpigia mama yake simu. Nyuma ya sauti yake, jikoni kwa wakwe, redio ilikuwa ikisema habari ya sabuni.

"Mama, banaicheza tena. Mawifi bangu bote bako bananengua. Bananivuta mukono, banasema simama tucheze."

"Na weye?"

Katungu alisikia, kupitia kilomita zote zile za barabara, gunia la maharagwe likianguka.

"Nimekaa, mama."